Wino wa Feruzi kwenye Fomu ya Jicho

Karani wa dirishani pale hospitali ya Lilongwe aliinua ile karatasi juu, akaielekeza kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti bandia, akaigeuza upande wa pili, halafu akaniangalia mimi.

"Amayi," akasema, yaani mama, kwa kile Kichewa cha polepole wanachotusemesha sisi wa kambini kana kwamba hata masikio yetu yalivuka mpaka kwa miguu, "mmeleta fomu tupu."

Nikamwambia haiwezi kuwa tupu, nimeijaza mimi mwenyewe. Akaisukuma chini ya kioo. Ilikuwa kopi. Maswali yaliyochapwa yote yalikuwepo: jina la mtoto, umri, jicho lipi, tangu lini, jina la mzazi. Mbele ya kila swali hapakuwa na kitu. Weupe mtupu. Chini kabisa ilikuwepo sahihi ya nesi wetu wa kambi ya Dzaleka, kwa biki nyeusi, imekaa peke yake, inathibitisha hewa.

"Daktari hawezi kupasua jicho lisilo na mwenyewe," akasema. Mwenzake aliyekuwa nyuma akacheka. Hakucheka sana, alitoa kile kicheko cha puani tu.

Hicho kicheko cha puani ndicho kilichonimaliza. Nilipiga kioo kwa kiganja mara tatu. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, nikaongeza Kifaransa cha shule, nikamalizia kwa Kichewa kidogo nilichonacho ili wasipitwe na chochote. Niliwaambia jicho lina mwenyewe, huyu hapa, amevaa gauni la Jumapili, ana miaka minne, amelala na njaa kwa sababu mlisema asile kabla ya upasuaji. Foleni nzima iligeuka. Mlinzi akaanza kusogea. Binti yangu akanivuta kitenge.

"Mama, unapiga nani?"

Nilikuwa napiga kioo, mwanangu. Waliostahili walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa mama yako. Wacha nieleze huo upuuzi ulivyoanza, na simwachi mtu nje.

Miezi michache kabla ya siku hiyo, mama mmoja wa kujitolea kutoka Lilongwe alikuja kambini kutufundisha kuandika. Tulikuwa wanawake kama kumi, wote tunajua kuandika, lakini hilo halikumsumbua. Alileta sanduku la chupa ndogo za wino zilizofungwa vitambaa kama mayai, na kalamu za wino, zile zenye ulimi wa chuma. Akatuambia nyeusi na bluu ya kawaida ni rangi za ofisi, ni rangi za maumivu yetu, sasa tuandike maisha kwa rangi za furaha. Mimi maumivu yangu sijawahi kuyaona yana rangi. Lakini aligawa soda, na alisema tutatengeneza kadi ziuzwe kwa wageni mjini, kwa hiyo tulikaa tukaandika maneno kama "tumaini" na "amani" kwa zambarau na kijani, tukimwitikia kwa vichwa.

Mimi ndiye niliyejua kushika ile kalamu. Baba yangu alikuwa karani wa kanisa kule kwetu Uvira, akiandika daftari la ubatizo kwa kalamu ya wino, na alinifundisha kuilaza mkononi badala ya kuisimamisha, na kutoibana kama mpini wa jembe. Mwandiko wangu ni mzuri, najua hivyo, na hapo ndipo mtu yeyote anaponikamata. Yule mama aliuona, akafurahi, akanipa chupa nzima na kalamu nikae navyo nyumbani.

"Uijaribu," akasema. "Kisha uniandikie jinsi inavyofanya kazi."

Ilikuwa rangi ya feruzi. Sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Ikiwa mbichi inang'aa kama kichwa cha yule mjusi wa bluu anayekaa juu ya mawe saa sita za jua. Nilivuta mstari wa kwanza, nikakaa kuuangalia kama mjinga.

Kisha nikaanza kazi, kwa sababu mimi nikiambiwa nijaribu kitu, najaribu. Kwenye karatasi ya daftari la shule herufi ziliota miguu. Wino ulitambaa ukatokea upande wa pili. Kwenye karatasi nzito ulitulia. Nilihesabu mpaka ishirini na tano kabla haujakauka. Kwa biki huhesabu hata moja. Nilidondosha tone la maji juu ya neno, neno likaondoka, likabaki wingu. Nilianika ukurasa siku tatu juu ya mabati, nikauwekea jiwe, rangi ikapauka kidogo tu. Nilishika ukurasa kwa kiganja chenye jasho la kupika nsima, ule ugali wa huku, kiganja kikawa bluu. Binti yangu alichovya vidole, akatembea wiki nzima na kucha za feruzi, akimwonyesha kila mtu, na kuziangalia mwenyewe kwa kuzisogeza karibu kabisa na jicho lake la kulia, kwa sababu la kushoto halioni.

Hilo la kushoto lina ukungu mweupe katikati ya mboni. Tuliuona akiwa na mwaka mmoja na nusu. Nesi aliniambia wazi: ukungu hutolewa, ni kazi ndogo kwa daktari anayeijua, lakini mtoto asipotolewa mapema, jicho husahau kuona, na baadaye hata ukisafisha dirisha nyumba itakuwa haina mtu. Tangu siku hiyo nahesabu umri wa mwanangu kama mtu anayetazama maji yanavyopungua kwenye ndoo.

Basi, karatasi ya kuchezea sina. Kijiji chetu ndani ya kambi kina desturi: aliyemaliza sekondari humwandikia ambaye hakumaliza. Fomu, barua, maombi, vyote. Watu walipokuja, nikajaribia wino kwenye barua zao, ndiyo namna ya kuujua wino, kuufanyisha kazi ya kweli. Wa kwanza alikuwa jirani yangu mshonaji, mama kutoka Fizi mwenye mdomo mkubwa kuliko cherehani yake. Ukuta wake ulikuwa umeanguka kwenye mvua, naye alitaka kuiomba ofisi ya kambi nailoni na miti. Nikamwandikia kwa feruzi. Baada ya siku nne akaitwa.

Alikuja mbio mpaka mlangoni kwangu, sindano bado imechomekwa kifuani, akiniita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwetu.

"Yaya, ile bulu yako iko na nguvu!"

"Nguvu gani? Ni maji na rangi."

"Banaita ba bulu tu. Mi njo shahidi."

"Wamekuita kwa sababu ukuta wako ulilala barabarani, gari yao ikashindwa kupita."

"Ukuta ulianguka tangu zamani! Barua ya biki nyeusi uliniandikia mara mbili, banyamaza. Hii ya bulu, siku ine. We njo umesoma, unieleze."

Nilimcheka, nikamrudisha kwenye cherehani yake. Na mtu asiyeishi Dzaleka asicheke haraka. Hapa watu wamesubiri jibu la karatasi tangu wakiwa vijana, sasa wana wajukuu. Hakuna anayetuambia kwa nini huyu ameitwa na yule hakuitwa, basi tunatafuta wenyewe. Kuna wanaokunja karatasi mara tatu kwa sababu fulani aliyepata alikunja mara tatu. Kuna wanaopeleka Jumanne tu. Kuna wanaoogopa pini ya kubania, eti hubana na bahati. Nilikuwa nawacheka wote. Nilikuwa nasimama kisimani na ndoo yangu nikiwaeleza kwamba ofisini karatasi ni karatasi.

Baada ya wiki moja mlango wangu ulikuwa na foleni. Nilijaribu kuwapa biki. Mzee mmoja aliiangalia ile biki nyeusi, akarudisha mikono mgongoni.

"Binti, ile ni ya matanga. Miye sijafa. Uniandikie na ya mushonaji."

"Muzee, fomu inasomwa maneno, haisomwi rangi."

"Ulishafika ndani ya ile ofisi, ukaona banasoma?"

Sikuwahi. Nikamwandikia kwa feruzi, nikamsindikiza kwa tabasamu la mtu aliyesoma. Nikawaandikia na wengine. Nikiwa peke yangu naosha kalamu, niliwasikitikia kwa sauti: watu wazima, wanaamini rangi.

Kisha nesi akanipa fomu ya jicho. Madaktari wa macho wangekuwa Lilongwe kwa siku chache, kwenye hospitali moja, na kambi ilipewa nafasi za watoto. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa. Nesi alitia sahihi yake chini, akaniambia nijaze sehemu ya mzazi nyumbani kwa utulivu, kalamu ya bluu au nyeusi, niipeleke ofisini.

Nilikaa mezani. Biki nyeusi ilikuwa upande huu, chupa ilikuwa upande ule. Mtoto alikuwa anacheza chini na vifuniko vya soda, akigeuza kichwa kizima kila alipotaka kuona kilichokuwa kushoto kwake. Nikajiambia: fomu imesema bluu, na feruzi nayo ni bluu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, mimi mwenye cheti cha sekondari. Ukweli ni kwamba mkono ulikuwa umekwisha kwenda kwenye chupa kabla sijapata hiyo sababu. Nilitaka waione. Nilitaka kati ya makaratasi yote ya dunia yenye watoto wote wa dunia, la kwangu liwake. Niliandika taratibu kwa mkono wa baba yangu, kila herufi imelala sawasawa, nikahesabu ishirini na tano kila mstari. Nilipomaliza niliikunja mara tatu.

Ndiyo. Mara tatu. Cheka.

Ofisini waliipokea, wakaandika kwenye daftari lao, wakanipa kikaratasi chenye siku ya kufika hospitali. Nikamnyoa binti nywele, nikamfulia gauni. Siku moja kabla ya miadi tulikwenda kulala Kauma, pembezoni mwa Lilongwe, kwa dada wa mume wangu ili asubuhi tuwe wa kwanza. Na kweli tulikuwa wa kwanza. Wa kwanza kufukuzwa.

Mlinzi wa hospitali aliniondoa dirishani kwa heshima, nampa hiyo. Muuguzi mmoja mkubwa alitoka, akalimulika jicho la mtoto kwa tochi, akasema lile linafaa kabisa kufanyiwa upasuaji, akaomba karatasi. Nikampa weupe. Akatikisa kichwa: bila maelezo ya mzazi na idhini yake kutoka kambini hawagusi mtoto, na nafasi ya jina linalokosekana tayari ilikuwa imepewa mtoto mwingine. Nikamwambia nijaze sasa hivi, mbele yake. Akasema ni lazima ipitie kambini. Nikamnunulia mwanangu mandazi nje ya geti. Alikula manne, akauliza kama jicho limeshapona.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye ofisi ya kambi. Anayepokea fomu pale ni mkimbizi mwenzetu, mtu wa Uvira kama mimi, amevalishwa fulana yenye maandishi, basi amekuwa serikali. Nikaweka kopi mbele yake.

"Kaka, hii uliitoa wewe?"

"Njo mashine ilitoa."

"Na pini? Mashine ndiyo ilibana pini?"

"Pini nilibana miye."

"Ukaangalia unachobana?"

"Dada, bantu iko mingi. Nitasoma moja moja?"

"Sijasema usome. Nimesema uangalie. Karatasi nyeupe na karatasi iliyoandikwa, hata kuku anatofautisha."

"Kuku hana foleni," mtu akasema nyuma yangu, na foleni yote ikacheka. Kucheka walicheka na mimi nusura nicheke, hasira ikakataa.

Nikamwambia atafute ya asili. Alichimba kabati, akaitoa. Ilikuwepo, nzima, imejaa. Feruzi yangu yote ilikuwa pale, inasomeka hata na mtu aliyesimama mlangoni. Akailaza kwenye mashine mbele yangu. Ile mashine ni ya zamani, unga wake wa wino unaisha kila siku, na kwa bluu nyepesi ni kipofu. Ikatoa ukurasa mweupe wenye sahihi ya nesi. Nilikuwa nimeujaribu ule wino kwa maji, kwa jua, kwa jasho na kwa mtoto. Sikuwa nimeujaribu kwa mashine, na kambi nzima inaishi kwa kopi. Hakuna karatasi yetu inayotoka Dzaleka yenyewe. Inatoka picha yake.

"Sasa we mwandishi muzima," yule kaka akasema, hata si kwa ubaya, "unaandika jicho ya mutoto na wino ya kuchezea?"

Niliona bora angenitukana. Tusi ningelirudisha.

Kisha akasema nijaze fomu mpya, kwa biki, na mtoto ataingia kwenye orodha ijayo kama mpya. Orodha ijayo ni lini? Hajui. Kama mpya maana yake nini? Maana yake mwisho wa foleni, nyuma ya watoto wote walioandikishwa tangu Ijumaa ile. Nikamwambia mwanangu si mpya, jina lake liko kwenye daftari lako, hili hapa, wewe mwenyewe uliliandika. Akasema daftari ni daftari, orodha ni orodha.

Alhamisi yule mama wa wino alikuja kwa somo lake. Nilimwonyesha kopi, nikamweleza yote. Aliishika kwa mikono miwili, macho yakamlowa. Akasema ukurasa ule tupu una maana kubwa sana, unasema yote kuhusu hali yetu. Akauliza kama anaweza kuuweka ukutani, kwenye maonyesho ya kadi zetu Lilongwe.

"Mama," nikamwambia, "hii si hali yetu. Hii ni wino wako na mashine yao."

Nikamnyang'anya. Nikamrudishia chupa, imebaki robo, nikamwambia aongeze kwenye ripoti yangu: haionekani kwenye kopi. Akanikumbusha kwa unyonge kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimemwandikia kuwa ni rangi nzuri. Niliandika, ndiyo. Ni nzuri. Kama uzuri unatibu, aninyweshe basi.

Kazi iliyobaki ilikuwa chungu zaidi. Nilipita nyumba kwa nyumba kwa wote niliowaandikia, nikawaambia barua zao zinaweza kuwa zimekufa, waje niziandike upya. Wengi walikuja. Mzee alikuja, akaketi, akatazama biki nyeusi ikitembea, akasema tu, "Bon, basi. Tumekufa kidogo." Lakini mshonaji alinisikiliza akiwa ameweka mkono kiunoni, nyuma yake ukuta mpya wa miti na nailoni.

"Yaya, sema kweli. Uliona tunaitwa sana, sasa unataka kutuzimia mwanga."

"Mtoto wangu hakufanyiwa upasuaji kwa sababu ya huo mwanga!"

"Pole kwa mutoto," akasema, na alimaanisha, nilimwona. "Lakini ya kwangu walisoma."

Walisoma kwa sababu barua yake haikuhitaji kwenda Lilongwe, walishika ile yenyewe. Nilimweleza mara mbili. Akaniuliza chupa nimemrudishia nani.

Malalamiko hapa hutumbukizwa kwenye sanduku la mbao lenye kufuli getini. Sijawahi kuona mtu akilifungua. Nikakataa sanduku. Nilikwenda kwenye dawati la ofisi na nakala mbili za barua, maana wanapokea hata ya Kiswahili, nikakaa kwenye benchi mtoto magotini mpaka wakagonga muhuri kwenye yangu. Hivi ndivyo nilivyoandika:

*Kwa Msimamizi wa Ofisi, Dzaleka.*

*Kuhusu: fomu ya rufaa ya jicho iliyotumwa Lilongwe ikiwa tupu.*

*Mimi ni mama wa mtoto wa kike wa miaka minne mwenye ukungu kwenye jicho la kushoto. Nilijaza fomu yake na kuikabidhi ofisini kwenu kabla orodha haijafungwa. Daftari lenu linaonyesha hivyo. Fomu ya asili ipo kabatini kwenu na inasomeka.*

*Nilitumia wino wa bluu nyepesi ambao mashine yenu haiuoni. Hilo ni kosa langu na silikatai. Lakini mfanyakazi wenu alitoa kopi isiyo na neno hata moja la mzazi, akaibana pini na kuituma hospitali bila kuitazama wala kuniita. Nilikuwa kambini siku zote hizo. Ningeitwa, ningejaza nyingine kwa dakika kumi. Hilo ni kosa lenu, na ndilo ninalolilalamikia.*

*Sasa naambiwa mtoto aanze upya nyuma ya wengine. Nakataa. Naomba ahesabiwe tangu siku fomu yake ilipopokelewa, na awe wa kwanza kwenye orodha ijayo ya macho. Naomba muiandikie hospitali mkieleza kwamba kosa lilitokea huku, ili wasiseme mama hakutoa idhini. Naomba pia kila kopi inayotoka kwenye mashine hiyo itazamwe na mtu kabla ya kutumwa, na barua za majirani nilizoandika kwa wino huo zitafutwe kabatini. Majina yao nimeyaambatanisha kwa idhini yao, isipokuwa mmoja aliyekataa.*

*Nesi wenu mwenyewe ameniambia jicho la mtoto halingoji. Sielewi Kiingereza cha "tutawasiliana." Naomba jibu la maandishi lenye tarehe. Mpaka nilipate, mimi na mtoto tutakuwa kwenye benchi la nje ya ofisi yenu kila siku ya kazi, kuanzia mnapofungua.*

*Mama mzazi.*